Nafasi 40, magari 80: jinsi ya kutuliza paking na foleni kwenye geti la njia ya mlima (mwongozo kamili)

Kama umewahi kusimama kwenye geti la njia ya mlima siku ya Jumamosi umevaa kizibao cha reflekta basi hii picha unaijua. Saa mbili na nusu asubuhi paking imeshajaa, kuna gari linazunguka mara ya tatu likitafuta upenyo ambao haupo, mwingine kapaki juu ya mtaro tairi moja liko hewani, basi la wanafunzi limekwama kwenye kona sababu kuna mtu kaacha gari "dakika mbili tu", na kila dereva anayeshusha kioo anakuuliza swali lile lile kana kwamba nafasi umezificha wewe. Hiyo kazi nimeifanya wikendi nyingi, nyingine kwa kujitolea nyingine kwa posho ya soda, na karibu kila kamati niliyokaa nayo inaanza na wazo moja: tuongeze paking. Mimi nasema subirini kwanza, leteni daftari.

Hatua ya 1: Hesabu kabla hujanunua hata koni moja

Chagueni Jumamosi mbili za kawaida, siku moja ya katikati ya wiki na sikukuu moja, na hali ya hewa iwe nzuri manake ukihesabu siku ya mvua utajidanganya mwenyewe. Watu wawili wanatosha. Mmoja anakaa pale magari yanapoingilia, mwingine anazunguka paking kila nusu saa anaandika tarakimu tatu za mwisho za kila pleti anayoikuta, ili baadaye ukilinganisha mizunguko ujue gari limekaa muda gani. Yule wa mlangoni anaandika mambo matatu, gari limefika saa ngapi, lina watu wangapi, na je limepaki au limezunguka likaondoka. Hilo la mwisho wengi wanalisahau na ndo lenye maana kuliko yote, kwa sababu paking ikishajaa haikwambii tena wangapi walitaka kuingia, nafasi 40 zitakuwa na magari 40 hata kama waliokuja ni 41 na hata kama ni 140.

Mkimaliza kuna hesabu fupi ya watu wa foleni inaitwa kanuni ya Little, aliithibitisha John Little mwaka 1961, na ni rahisi mpaka inachekesha: magari yatakayokuwa ndani kwa wakati mmoja ni magari yanayofika kwa saa mara masaa ambayo gari moja linakaa. Yanafika 20 kwa saa, kila moja linakaa masaa 4, basi unahitaji nafasi 80. Wewe unazo 40.

Sasa usikimbilie kusema tunapungukiwa nafasi 40, tufyeke vichaka. Ipange hiyo hesabu kwenye saa. Magari yanaanza kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, 20 kila saa, saa mbili na nusu zile 40 zimejaa. Wa kwanza kufika atashuka mlimani baada ya masaa manne, yaani saa nne na nusu, na kuanzia hapo wanatoka 20 kwa saa wakati wanaingia 20 kwa saa, mambo yanaenda (kwa mfano huu tuchukulie ikifika saa sita na nusu mchana magari mapya yamekwisha). Kwa hiyo geti hili shida yake halisi ina urefu wa masaa mawili, saa mbili na nusu mpaka saa nne na nusu, na ndani yake kuna magari 40 ya kutafutiwa jibu, ambayo kwa wastani wa watu wawili na nusu kwa gari ni watu 100. (Ndio, mtu nusu, hesabu haina aibu.) Tatizo la masaa mawili na watu 100 linatatulika kwa njia nyingi sana kuliko "tatizo la paking".

Na angalieni mchanganyiko wa wanaokuja. Kama njia yenu ina maporomoko ya karibu na kilele cha mbali, gari la mtu wa kileleni linakaa masaa sita, la mtu wa maporomoko saa moja na nusu, yaani yule wa kileleni amekalia nafasi ambayo ingehudumia magari manne. Hapana ubaya, mlima ni wake pia, ila ni jambo la kulijua kabla hujapanga nani apaki wapi.

Hatua ya 2: Amueni mlima unabeba watu wangapi

Hii hatua watu wanairuka na inawarudia. Paking ni koki ya bomba, ukiifungua zaidi maji yanaenda mahali, na mahali penyewe ni njia ya upana wa mita moja, vyoo viwili na jiwe moja la kupigia picha. Nimeona geti lililoongeza nafasi, msimu uliofuata zikajaa vile vile saa ile ile, kilichobadilika ni kwamba foleni imehamia chooni na watu wameanza kukata njia za mkato kwenye majani ili wapitane.

Kwa hiyo anza juu ushuke chini. Ni watu wangapi njia inawabeba bila kumomonyoka na bila watu kusukumana sehemu za hatari? Gawanya kwa watu kwa gari, upate magari. Wenzetu wengine walifika hapo kwa lazima. Njia ya kwenda ziwa la Hanging Lake kule Colorado, Marekani, mwaka 2019 waliweka kikomo cha watu 615 kwa siku. Hāʻena kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, barabara iliharibiwa na mafuriko ya Aprili 2018, walipofungua tena 2019 wakafungua na kikomo cha wageni 900 kwa siku, yaani walitumia ule mwaka wa kufungwa kujiuliza swali ambalo wakati magari yanamiminika hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujiuliza.

Hatua ya 3: Banana vizuri ndani ya eneo ulilonalo

Eneo la changarawe lisilo na mistari kila mtu anapaki kwa imani yake. Mmoja anaacha upana wa mlango mara mbili asikwaruzwe, mwingine anapaki mshazari, na wa kwanza kufika alfajiri ndo anaamua wengine wote wapaki vipi, akikosea huyo mmekosea siku nzima. Ukubwa wa nafasi moja ni mita 2.5 kwa 5, na ukipaki magari ya kuelekeana kwa pembe mraba katikati wacha kama mita 6 ili mtu aweze kupiga rivasi bila kusali. Ukijumlisha na njia ya kupita, kila gari linakula mita za mraba 25 mpaka 30, pima eneo lako ugawanye, ukiona linatakiwa kubeba 40 na siku zote linabeba 31 basi nafasi 9 umezipata bila kufyeka kitu.

Kwenye changarawe rangi haikai, chokaa inakwisha na mvua ya kwanza, kinachodumu ni magogo au mawe mbele ya kila nafasi, gari linajua pa kusimamisha pua. Kama eneo ni jembamba pakisha kwa mshazari na uifanye njia ya upande mmoja, magari yaingie huku yatokee kule. Hili la upande mmoja lina faida nyingine kubwa, anayezunguka akakosa nafasi anatoka bila kukutana uso kwa uso na anayeingia, na nusu ya jam za getini ninazozikumbuka zilianza na magari mawili yaliyokutana uso kwa uso, kila mmoja anamsubiri mwenzake arudi nyuma.

Vitu vya kutengwa kabla ya kugawa nafasi za kawaida: nafasi za wenye ulemavu, pana kwa mita moja zaidi na karibu kabisa na njia, sehemu ya kushushia abiria isiyoruhusu kupaki, pa kugeuzia basi, pa pikipiki na baiskeli (pikipiki nne mpaka tano zinaingia kwenye nafasi ya gari moja, msiziache zikalie nafasi nzima moja moja), na njia ya ambulensi na gari la zimamoto. Hii ya mwisho isipungue upana wa mita 4, na isiishie paking tu, iendelee mpaka pale majeruhi anaposhushwa. Ipake rangi, weka mnyororo wenye ufunguo, fanya utakavyo, ila mtu asipaki hapo hata dakika.

Na kiangazi msiwafungulie watu nyasi ndefu kama paking ya ziada. Ile sehemu ya moshi chini ya gari inakuwa ya moto sana baada ya kupanda kilima, nyasi kavu zikiigusa zinaweza kushika, na hapo hamna tena shida ya paking. Mkilazimika kutumia uwanja wa nyasi, fyekeni fupi kabisa na mzoe mabaki.

Hatua ya 4: Barabara ya kuingilia

Paking ikijaa watu wanapaki kando ya barabara, na kinachouma ni kwamba wa kwanza kufanya hivyo kwa kawaida kapaki vizuri tu, hajamzuia mtu. Wa kumi naye kapaki vizuri. Shida ni wa kumi na moja kaenda ng'ambo ya pili, hapo barabara ya magari mawili imekuwa ya gari moja, na watu wanatembea katikati ya lami na watoto na mabegi.

Bango la "Usipaki" peke yake ni mapambo. Kinachofanya kazi ni kitu ambacho tairi haliwezi kupanda, mawe makubwa, magogo, mtaro, nguzo fupi. Alafu ukizuia, zuia kipande chote mpaka umbali ambao mtu hayuko tayari kutembea, manake ukizuia mita 300 watapaki mita ya 301, mbele ya nyumba ya mtu, na huyo mtu ndo atakuja kwenye kikao chenu kijacho akiwa na hasira za haki kabisa. Zungumzeni na majirani kabla. Mwenye shamba kando ya barabara anaweza kuwa adui yenu mkubwa au akawa ndiye mwenye uwanja wa paking ya ziada siku za sikukuu, na tofauti ni nani alimfuata kwanza na kwa lugha gani.

Pale panapofaa kupaki kando, ruhusuni upande mmoja tu na muuchore. Kuhusu faini na bredauni la kuvuta magari, ongeeni na trafiki na mamlaka ya barabara mapema, mtu wa kujitolea hana mamlaka ya kumtoza mtu na asijaribu. Nimeshuhudia magari yakivutwa mara mbili, na habari zilisambaa haraka kuliko bango lolote, ila kama onyo halikuwa limeandikwa wazi mtalaumiwa nyinyi.

Hatua ya 5: Dereva ajue imejaa kabla hajafika

Kama mna uwezo wa kufanya jambo moja tu kwenye mwongozo huu wote, fanyeni hili. Dereva anayeambiwa "imejaa" getini ameshamaliza barabara yote, watoto wameshavua mikanda, hawezi kukubali kirahisi na hata akikubali lazima ageuze pale pale penye msongamano. Dereva yule yule ukimwambia kwenye njiapanda ya mwisho, ambapo bado ana pa kwenda, wengi wanakata kona wanaondoka bila maneno. Kwa hiyo bango la IMEJAA linakaa njiapanda, na chini yake kuna mshale wa kwenda sehemu nyingine iliyo wazi au kituo cha basi, siyo neno IMEJAA likining'inia peke yake kama matokeo ya mtihani.

Sasa ligeuzwe lini? Wengi wanageuza nafasi ya mwisho ikishachukuliwa na hapo wamechelewa. Kama kutoka njiapanda mpaka getini ni dakika 12 na yanafika magari 20 kwa saa, basi muda wowote kuna magari 4 yako njiani tayari, kwa hiyo bango linageuzwa nafasi zikibaki 4. Na kufungua ni hivyo hivyo, usifungue kwa sababu gari moja limetoka, subiri zipatikane 4 au 5, ukifungua kwa moja utaita magari matatu ya kuja kugombana.

Kuna Jumamosi tuligeuza bango vizuri kabisa, tukajipongeza, tukala, na saa nane mchana mwenzetu mmoja akasema mbona leo pametulia. Paking ilikuwa nusu tupu. Hakuna aliyekumbuka kurudisha bango. Tangu siku hiyo kuna mtu mmoja ambaye bango ni lake, kwa jina, na akienda kula anamkabidhi mwingine.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kwa geti la nafasi 40 watu watatu wanatosha: mmoja njiapanda, mmoja mlangoni, mmoja ndani. Kila mmoja ana redio koli kwa sababu milimani simu mara nyingi haishiki netiweki, na mpatane lugha fupi, "zimebaki nane", "funga", "fungua", basi. Wafike kabla ya gari la kwanza, manake kama nilivyosema wanaopaki alfajiri ndo wanaochora mstari. Yule wa ndani ajaze kuanzia mwisho wa paking kuja mlangoni, asimwache mtu achague, ili anayeingia asipite akinyemelea huku na huku na kuzuia wa nyuma yake.

Maneno ya kumwambia dereva yaandikeni na myafanyie mazoezi, msiache kila mtu atunge yake. Salamu kwanza, hata kama kuna magari sita nyuma, salamu inachukua sekunde mbili na inaokoa dakika tano. Alafu habari, alafu pa kwenda: "Habari za asubuhi ndugu, hapa pamejaa mpaka kama saa nne na nusu, basi linaondoka kituo cha chini kila robo saa, au unaweza kwenda geti la pili bado lina nafasi." Usieleze sana, usibishane kuhusu gari aliloliona likitoka. Na usimwambie mtu "subiri hapo pembeni kidogo", ukimsubirisha mmoja umeanzisha foleni mpya ya watu wanaosubiri kwa sababu wamemwona mwenzao anasubiri.

Kizibao cha reflekta, filimbi, maji, kofia. Na mtu wa njiapanda asisimame katikati ya barabara kujionyesha, asimame pembeni koni zifanye kazi.

Hatua ya 7: Basi la kupeleka na kurudisha

Tuchukue wale watu 100 wa masaa mawili, yaani 50 kwa saa. Basi dogo la abiria 14 likiondoka kila dakika 15 linabeba 56 kwa saa, inatosha. Mzunguko mzima, kwenda, kushusha, kupakia, kurudi, tuseme dakika 40, gawanya kwa 15 unapata 2.7, kwa hiyo mabasi 3, na la nne liwepo karibu kwa ajili ya pancha au dereva aliyeenda msalani. Hesabu hii ifanyeni kwa mzunguko mliopima wenyewe Jumamosi asubuhi, siyo mlioendesha Jumanne barabara ikiwa tupu, manake basi likikwama kwenye jam ile ile ya magari mnakuwa mmeongeza foleni kwa gharama zenu.

Basi linakufa kwa sababu mbili tatu hivi ambazo zinajirudia. Kwanza linapita kila dakika 40 na watu wakikosa moja wanarudi kwenye magari yao. Pili, na hii ndo kubwa, mmeweka basi lakini bado kila mtu anaruhusiwa kujaribu bahati yake getini, basi watajaribu wote, mimi mwenyewe ningejaribu. Hifadhi ya Zion kule Utah, Marekani, walipoanzisha mabasi mwaka 2000 hawakuyaweka kama hiari pembeni ya magari, barabara ya ndani ya bonde ilifungwa kwa magari binafsi msimu mabasi yanapotembea. Ziwa la Moraine Lake huko Kanada tangu 2023 magari binafsi ya kawaida hayaruhusiwi, unaenda kwa basi au baiskeli au miguu. Si lazima mfike huko, mnaweza kufunga kwa yale masaa mawili tu, ila kwa hayo masaa mawili kufungwa kuwe kufungwa kweli.

Sababu ya tatu ni kurudi. Asubuhi watu wanakuja wamejipanga wenyewe, jioni wanashuka kwa makundi, wamechoka, wamelowa, na wote wanataka basi la sasa hivi. Wakati wa kurudi yale mabasi 3 yatatosha kwa wastani lakini si kwa dakika ile kundi la watu 30 linapotokea, hapo la nne linafanya kazi yake. Andikeni saa ya basi la mwisho kwa herufi kubwa, kituoni, getini, na mara moja tena juu njiani pale watu wanapoamua kuendelea na kilele au kugeuza, manake pale ndo habari ina faida. Na muamue mapema atakayechelewa basi la mwisho anafuatwa na nani, kwa sababu yupo, kila wikendi yupo.

Hatua ya 8: Kubuku nafasi, na bei

Bukingi ni dawa kali, msianze nayo. Ikifika siku ambayo hata mabasi hayatoshi au eneo ni dogo sana, ndo mwende huko. Msitu wa Muir Woods karibu na San Francisco waliingia kwenye bukingi ya paking na mabasi Januari 2018, na huko kwenye milima ya Adirondack jimbo la New York kuna paking ya nafasi 70 ambayo tangu 2021 huingii bila kubuku msimu wa wapandaji. Kosa la kawaida ni kuuza siku nzima, yaani mtu anabuku "Jumamosi", mnauza nafasi 40 na wote 40 wanaweza kutokea saa moja, alafu paking iko tupu mchana. Uzeni saa ya kufika. Kwa geti letu la mfano: magari 12 kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu, 12 saa inayofuata, 12 inayofuata, hiyo ni 36 na nafasi 4 mnaziweka akiba. Wale wa mwanzo wanakuwa wameshatoka ikifika saa sita mchana, basi fungueni 12 tena saa sita na 12 saa saba, na hao wa mchana waelezwe kabisa ni njia fupi tu, kilele kimekwisha kwa leo. Magari 60 kwenye nafasi 40 na hakuna aliyezunguka kutafuta.

Zile 4 za akiba ni za nani? Mimi naona ni za asiye na intaneti, mgeni aliyekuwa hajui, na mkazi wa pale pale ambaye mlima kaukuta na atauacha. Ukizigawa zote mtandaoni utakuwa umewapa mlima wenye simu nzuri na vidole vya haraka. Orodha ya pleti ichapwe kwenye karatasi, msitegemee apu ya kuskani getini ambako netiweki hakuna, na muwaambie watu wapige picha ya uthibitisho kabla hawajaondoka nyumbani. Waliobuku wakaacha kuja watakuwepo, hasa kama ni bure, kiasi kidogo cha pesa au kuruhusu mtu kufuta mpaka jana yake usiku kinapunguza.

Bei nayo ni chombo. Donald Shoup, profesa aliyetumia maisha yake kusoma mambo ya paking, alikuwa anasema bei nzuri ni ile inayoacha karibu asilimia 15 ya nafasi wazi, na kwa geti la nafasi 40 hiyo ni 6 hivi. Aliwaza mitaa ya mjini lakini wazo linabebeka: mtoze zaidi saa ngumu, kidogo au bure mchana na katikati ya wiki, na basi liwe rahisi kuliko kupaki. Ila msitumie bei peke yake, mlima hautakiwi kuwa wa wenye nazo.

Na siku mnayoanza bukingi wajulisheni wanaosimamia geti la jirani. Wale mliowakataa hawarudi nyumbani, wanaenda kwao.

Hatua ya 9: Taarifa kabla ya safari

"Tarajia msongamano" haimwambii mtu kitu. "Jumamosi inajaa saa mbili na nusu, inaanza kufunguka saa nne na nusu" inamwambia aamke mapema au alale zaidi, na mna hiyo namba tayari kutoka hatua ya kwanza. Angalieni pia ramani za kwenye simu zinampeleka mtu wapi akiandika jina la mlima wenu, mara nyingi pini iko getini au mbaya zaidi kwenye njia ya nyuma ya kijiji, ombeni irekebishwe ielekee kituo cha basi au paking ya chini. Mkipendekeza sehemu mbadala ifanane na walichokuwa wanakifuata, aliyekuja kuona maporomoko usimpeleke kwenye msitu wa kutembea, atakushukuru kwa mdomo na kesho atarudi hapo hapo.

Hatua ya 10: Kufunga siku

Giza likianza kuingia fanyeni mzunguko wa mwisho na daftari, mwandike kila gari lililobaki, pleti, rangi, na saa mliyoliona. Wanaolala juu wawe wameacha karatasi kwenye dashibodi yenye tarehe ya kurudi, na wapangieni pembe yao wenyewe ili wasikalie nafasi za asubuhi na ili wasichanganyike na wengine. Gari ambalo haliko kwenye ile pembe, halina karatasi, na injini imeshapoa, huyo ni mtu ambaye alitegemea kuwa ameshuka, na mara nyingi hilo gari ndilo dalili ya kwanza kwamba kuna mtu amepotea au ameumia. Msubiri muda mliokubaliana, sisi tulikuwa tunatoa saa moja baada ya giza, alafu mnawapigia waokoaji na kuwapa pleti, saa lilipofika kutoka kwenye daftari la mlangoni, na idadi ya watu waliokuwemo.